Kumrudisha Mtu Hatarini

Ibara ya 33 ya Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 kuhusu wakimbizi ina jambo lisilo la kawaida katika maandishi ya sheria. Nakala yake ya Kiingereza inaikataza nchi kumfukuza au kumrudisha mkimbizi, lakini sentensi haijaenda mbali inafungua mabano, inapachika kitenzi cha Kifaransa, «refouler», kisha inaendelea na Kiingereza chake kama kawaida. Wajumbe waliokaa Geneva waliona kuwa kitenzi cha Kiingereza cha kurudisha hakilingani sawasawa na cha Kifaransa, nao hawakukubaliana juu ya kingine, wakaazima. Tangu hapo wanasheria wa Kiingereza wamekitwaa kitenzi hicho na kukivika viambishi vyao. Siku hizi wanasema «refoule» na «refouled» bila kuona kuwa wanasema Kifaransa.

Kiswahili bado hakijaamua. Katika magazeti na ripoti utakuta kurudisha kwa nguvu, kurejesha kwa lazima, kufukuza, kuondosha, na mara nyingine neno la Kifaransa limeachwa kama lilivyo, msomaji ajitafutie. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo siku itafika ambapo hakimu atahitaji kuandika hukumu juu ya mtu aliyekamatwa karibu na mpaka, na neno atakalolichagua litakuwa na uzito wa maisha ya mtu huyo. Napenda kuyapima maneno hayo kwa mambo yaliyotokea katika wilaya za Ngara na Biharamulo, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kwa sababu kati ya mwaka 1994 na 1997, katika eneo lile la vilima kati ya mto Kagera na barabara ya Lusahunga, karibu kila sura ya kitenzi hiki ilionekana.

Kwanza asili yake. Katika Roma ya kale fundi aliyeitwa «fullo» alikuwa akikanyaga vitambaa vya sufu ndani ya mapipa ya maji ili vishikane na kuwa vizito. Kutokana naye Kifaransa kikapata «fouler», kukanyaga, kushindilia. Na «foule», umati, yaani watu walioshindiliana. Ukiongeza kiambishi cha kurudia unapata «refouler»: kushindilia tena, halafu kusukuma nyuma. Adui alisukumwa nyuma, maji ya bahari yalisukumwa nyuma. Mfaransa hata leo husema hivyo kuhusu mtaro ulioziba na kurudisha maji machafu ndani ya nyumba, na wafasiri wa Sigmund Freud walilichukua neno hilohilo kueleza jinsi mtu anavyosukumia chini ya akili yake jambo asilotaka kulikumbuka. Kuna nguvu ya mwili ndani ya neno: nyayo, uzito, kifua kinachosukuma umati.

Lakini serikalini neno lilipata maana nyembamba zaidi. Katika utaratibu wa polisi wa Ufaransa na Ubelgiji, kumfukuza mgeni kulikuwa tendo rasmi: alikuwa anaishi nchini, ikatolewa amri, ikaandikwa sababu. «Refoulement» ilikuwa tofauti. Ilimhusu aliyefika mpakani au aliyekamatwa punde tu baada ya kuvuka, akageuzwa na polisi palepale bila hukumu wala karatasi nyingi. Mkataba wa tarehe 28 Oktoba 1933, uliotungwa hasa kwa ajili ya wakimbizi wa Kirusi na Kiarmenia, ndio ulioliingiza neno hilo katika sheria ya kimataifa ya wakimbizi, ukaliunganisha na kumkatalia mtu mpakani. Nchi zilizouridhia zilikuwa chache mno. Miaka 18 baadaye, baada ya vita kuu ya pili na meli za Wayahudi zilizogeuzwa bandarini, neno likarudi katika Ibara ya 33.

Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 1964. Mwaka 1969 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulitunga mkataba wake mjini Addis Ababa, nao ukasema waziwazi kile ambacho mabano ya Geneva yalikiacha kwa wafasiri: mtu asikataliwe mpakani, asirudishwe, asifukuzwe, ikiwa hatua hiyo itamlazimisha kurejea au kubaki mahali ambapo maisha yake, mwili wake au uhuru wake umo hatarini. Waafrika waliotunga maneno yale walikuwa wameshaona. Ngara yenyewe ilikuwa imeshapokea Wanyarwanda mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakapewa makazi Muyenzi.

Kisha ikaja Aprili 1994 na mauaji ya kimbari ya Rwanda. Kwa wiki kadhaa mto Kagera ulikuwa umebeba maiti kuelekea Ziwa Victoria. Tarehe 28 na 29 mwezi huo, ndani ya saa 24 tu, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo, mpakani mwa Rwanda, kuingia Ngara. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilisema halijapata kuona watu wengi kiasi hicho wakikimbia kwa kasi kiasi hicho. Walikaa Benaco, mahali palipopata jina kutokana na kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara, kisha Lumasi, Musuhura, Keza na kwingineko, hadi wakimbizi wakawazidi wenyeji kwa idadi. Hakuna aliyegeuzwa darajani. Sheria inapoadhimishwa kwa hotuba, ni vizuri kukumbuka kuwa iliwahi kutekelezwa hivyo, na wakulima wa Kihangaza na Kishubi ambao migomba na misitu yao ndiyo iliyolipa gharama.

Hali ilibadilika tarehe 31 Machi 1995, Tanzania ilipofunga mpaka wake na Burundi. Upande wa pili walikuwapo Wanyarwanda wengine, makumi ya maelfu, waliokuwa wametoka katika kambi za kaskazini mwa Burundi na kuanza kutembea kuelekea Ngara kwa kuogopa mauaji. Walizuiwa. Hapa ndipo kitenzi chetu kinapopata mtihani wake wa kwanza: je, mtu ambaye hajaingia anaweza kurudishwa?

Swali hilo lilikuwa limeshaisumbua Mahakama Kuu ya Marekani. Walinzi wa pwani wa Marekani walikuwa wakizikamata baharini mashua za Wahaiti na kuwapeleka moja kwa moja Haiti. Tarehe 21 Juni 1993 majaji wanane kati ya tisa waliona kuwa hilo si kosa. Jaji John Paul Stevens, aliyeandika hukumu, alifungua kamusi za Kifaransa, akakuta kuwa «refouler» ni kusukuma nyuma, kufukuza, kukatalia. Akahitimisha kuwa kitenzi cha Kiingereza kilichowekwa kando yake kinamhusu mtu aliyekwisha fika kwenye ardhi ya nchi au kizingitini mwake, si aliye katikati ya bahari. Jaji Harry Blackmun peke yake alipinga: kurudisha ni kurudisha, popote ulipomkamata mtu. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, katika kesi ya Wasomali na Waeritrea ambao Italia iliwakamata baharini na kuwakabidhi kwa Libya, ilifika upande wa kina Blackmun.

Mswahili hahitaji kamusi kwa hilo. Mwanafunzi aliyefika getini bila ada husema amerudishwa, ingawa hakuingia darasani. Mgeni aliyekatazwa na bawabu amerudishwa mlangoni. Lori lililokosa kibali limerudishwa Kabanga. Kitenzi chetu hakiulizi kama mguu ulivuka. Kinauliza tu nani alimgeuza mwenzake akamfanya arudi alikotoka. Kwa hiyo «kurudisha» kina upana ambao majaji wale walibishania, nao ni upana uleule wa mkataba wa Addis Ababa. Watu waliosimamishwa upande wa Burundi mwaka 1995 walirudishwa. Kusema walizuiwa ni kweli pia, lakini ni nusu ya habari, maana kuzuia kunaishia mpakani na hakusemi kilichokuwa nyuma yao.

Vipi basi «kufukuza»? Neno hili lina kazi yake katika Ibara ya 32, ambako nchi inaruhusiwa kumfukuza mkimbizi anayeishi nchini kihalali kwa sababu za usalama au za utulivu wa umma, baada ya kufuata taratibu na kumpa nafasi ya kutafuta nchi nyingine ya kumpokea. Kufukuza kunahusu kutoka. Aliyefukuzwa nyumbani anaweza kwenda kwa shangazi, mjini, popote. Na Desemba 1996 ilionyesha kwa nini neno hilo halitoshi.

Mwezi uliotangulia, kambi za mashariki mwa Zaire zilikuwa zimevunjwa kwa vita na mamia ya maelfu ya watu wakarudi Rwanda. Mwanzoni mwa Desemba serikali ya Tanzania na UNHCR walitoa tamko la pamoja kwa wakimbizi wa Kinyarwanda: wote wanatazamiwa kuwa wamerejea kwao ifikapo tarehe 31 Desemba 1996. Siku chache baadaye kambi za Ngara zilianza kuhama, lakini si kuelekea Rusumo. Watu walielekea ndani zaidi ya Tanzania, wengine wakisema wanakwenda Kenya, wengine Malawi. Walikuwa wanaondoka. Jeshi likawakuta njiani, likawageuza, na tangu katikati ya mwezi safu ndefu zikaanza kuvuka daraja kuingia Rwanda. Kufikia mwisho wa mwaka karibu nusu milioni walikuwa wamevuka kutoka Ngara na Karagwe.

Tazama mwelekeo. Kama tendo lile lingekuwa kufukuza tu, mtu anayekwenda Malawi kwa miguu yake angeachwa aende. Nchi ingekuwa imempunguza. Kilichotendeka ni kumwelekeza mahali pamoja mahususi. Wafugaji wana neno la hilo, kuswaga, nalo kwa picha ya barabara ya wakati ule linalingana sana, lakini huwezi kuandika katika sheria neno la ng'ombe juu ya binadamu. Sheria ikitumia neno linalomshusha mtu, imeanza kumkosesha haki kabla kesi haijasikilizwa.

Limebaki lile linalotumika zaidi, «kurudisha kwa nguvu». Nalipinga, na ninajua nitaonekana mgumu, kwa kuwa nguvu zilikuwapo. Tatizo ni kwamba mkataba haujali nguvu. Ibara ya 33 inakataza kurudisha kwa namna yoyote ile. Tangazo lenye tarehe ya mwisho ni namna mojawapo. Kufunga bomba la maji kambini, kupunguza mgao wa mahindi na maharagwe, kuzuia soko na kilimo mpaka mtu aone heri arudi akafie kwake, hizo pia ni namna, na hakuna aliyeinua fimbo. Ukishaweka «kwa nguvu» ndani ya istilahi, wakili wa serikali atasimama na kusema: walitembea wenyewe, hakuna aliyebebwa. Na kwa upande mwingine, si kila anayerudishwa kwa nguvu ametendewa kosa hili. Mtu aliyesikilizwa kwa haki, akaonekana hana cha kuogopa kwao, akakataa kuondoka, anaweza kupandishwa gari na maofisa wa uhamiaji bila Ibara ya 33 kuguswa. Nguvu inaweza kuwapo bila kosa, na kosa linaweza kuwapo bila nguvu. Kinachopima ni kitu kingine: mahali anapopelekwa.

Hilo ndilo Kitali ilifundisha, kwa bei isiyosemeka. Januari 1997 kulitokea mapigano kati ya wakimbizi wa Burundi katika kambi hiyo mkoani Kagera. Wakuu wa Tanzania wakawatenga watu 126 na kuwakabidhi kwa Burundi kupitia mpaka wa Kobero tarehe 10 mwezi huo. Askari wa Burundi waliwaua 122. Kwa kiwango cha nguvu, tukio lile lilikuwa dogo ukililinganisha na Desemba iliyotangulia. Kwa kipimo cha Ibara ya 33 ni mfano wa wazi kuliko yote, kwa sababu kila sehemu ya kitenzi ilikamilika: walikuwa wakimbizi, waligeuzwa, wakatiwa mikononi mwa watu ambao waliwakimbia, wakafa.

Nakubali kuwa serikali ilikuwa na mzigo. Misitu ilikatwa, silaha zilipita, na miongoni mwa wakimbizi wa Rwanda walikuwapo waliochinja. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa meya wa wilaya ya Rusumo, ng'ambo ya daraja, alivuka na watu wake mwaka 1994. Alikamatwa Tanzania mwaka 2001, na mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ya mahakama ya kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha ilimfunga maisha. Lakini njia aliyopitishwa Gacumbitsi inaonyesha kuwa sheria haikuwa imeiacha nchi bila la kufanya. Mkataba wenyewe unamnyima hadhi ya ukimbizi aliyefanya mauaji ya kimbari, na kipengele cha pili cha Ibara ya 33 kinamwondolea kinga aliye hatari kwa usalama wa nchi. Vyote viwili vinamtazama mtu mmoja mmoja, kwa jina lake na ushahidi wake. Havihukumu kambi nzima wala kundi la watu 126. Kumkabidhi mshitakiwa mahakamani na kumrudisha mtu hatarini ni matendo mawili, na Kiswahili kinapaswa kuyaweka mbalimbali.

Ndiyo maana napendekeza «kurudisha hatarini». Kitenzi kinabeba lile la Kifaransa, kugeuza na kusukuma nyuma, mpakani au ndani ya nchi. Kiambishi cha mahali kinafanya kazi ambayo Kiingereza kilihitaji kirai kirefu kuifanya, kile kinachotaja mipaka ya maeneo ambako maisha au uhuru wa mtu utatishiwa. Sisi tuna silabi moja, -ni, na hatari ikawa mahali ambapo mtu anaweza kupelekwa. Kanuni yenyewe inakuwa «kutorudisha hatarini». Mtendwa ni aliyerudishwa hatarini. Na kama nchi ya kwanza inamkabidhi kwa ya pili, na ya pili kwa anakokimbia, tunasema amerudishwa hatarini kwa kupitia nchi nyingine, sentensi haijavunjika.

Wapo watakaosema neno hatari ni pana: njaa ni hatari, malaria ni hatari, simba wa Burigi ni hatari. Ni kweli, lakini istilahi haisimami peke yake, inasimama na fasili yake. Hatari inayokusudiwa ni ya maisha au uhuru, inayotokana na rangi au kabila, dini, uraia, kundi la kijamii au msimamo wa kisiasa. Na mkataba wa Afrika unaongeza wanaokimbia uvamizi na machafuko makubwa. Hakimu ataifasili kama anavyofasili neno kosa au neno mali.

Kuna kitenzi cha pili cha kulinda, nacho ni «kurejesha». Tunarejesha mkopo, tunarejesha amani, umeme ukikatika unarejeshwa. Jambo linarudi linapostahili kuwa. Kwa sababu ya utamu huo wa maana, napenda kirejee mahali pake: kurejea kwa hiari, kule ambako mkataba wa Addis Ababa unasisitiza kuwa hakuna mkimbizi atakayerudi kinyume cha matakwa yake. Wanyarwanda na Warundi wana «gutahuka» kwa tendo hilo, kutoka katika mzizi wa kwenda nyumbani jioni, na Mhangaza hahitaji mkalimani kulielewa. Ripoti inayosema wakimbizi walirejeshwa makwao Desemba 1996 imechagua upande tayari, kwa sababu imetia nyumbani mahali ambapo swali lilikuwa ni kama nyumbani pana usalama.

Na neno linaweza kukwepwa kwa kubadilisha jina la mtu badala ya jina la tendo. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Kigoma na Geita ikitafuta wahamiaji haramu. Mkimbizi anarudishwa hatarini. Mhamiaji haramu anaondoshwa tu. Ukishambandika mtu jina la pili, swali la anakopelekwa halisikiki tena, hata kama ni yuleyule aliyevuka zamani akikimbia, au mtoto wake aliyezaliwa Biharamulo. Kwa hiyo ofisa anayejaza fomu, kabla ya kuandika haramu, awe amemwuliza mtu huyo swali moja: ukirudi, unaogopa nini, na nani? Jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Bila jibu hilo hakuna mahakama inayoweza kujua kama kitenzi cha Ibara ya 33 kimetendeka.

Kwa wanaotafsiri, basi, ningeandika ibara hiyo hivi: nchi yoyote iliyoridhia isimfukuze mkimbizi wala isimrudishe hatarini kwa namna yoyote ile, iwe ameshaingia au angali mpakani. Maneno ya mwisho hayamo katika nakala ya Geneva. Yamo, kwa maana, katika ile ya Addis Ababa, nayo Tanzania iliridhia mwaka 1975, kwa hiyo kuyaandika si kuiongezea nchi wajibu mpya.